Kioo cha gari cha kuzungusha kwa mkono: Kinavyouawa na vumbi la machimboni na kinavyofufuliwa

Na Mwandishi Wetu, Kahama

ABIRIA anayesafiri kiangazi katika barabara za changarawe zinazoelekea machimboni, katika mikoa ya Shinyanga na Geita, huwa na mambo mawili ya kuchagua: kufunga dirisha na kuvumilia joto, au kulifungua na kumeza vumbi. Yule aliyeketi kando ya dirisha ambalo mkono wake wa kuzungushia umevunjika hana hata nafasi hiyo ya kuchagua.

Dirisha la namna hiyo, lililokwama nusu juu nusu chini, limekuwa jambo la kawaida kiasi kwamba wamiliki wengi wa magari hawalihesabu tena kuwa ni ubovu. Kipande cha ubao huchomekwa kati ya kioo na mlango, gari likaendelea na safari, na mwaka ukapita.

Hata hivyo, kioo cha kuzungusha kwa mkono ni miongoni mwa mashine rahisi kabisa katika gari. Hufa kwa sababu zinazojulikana, na sehemu kubwa ya vipande vyake inaweza kutengenezwa na mafundi wa hapa hapa bila kuagiza chochote kutoka mbali.

Kinachotakiwa ni kujua kilichokufa kabla ya kununua kipuri, na kutofanya mzaha na jambo moja ambalo linaweza kugharimu uhai, nalo ni aina ya kioo kinachorudishwa mlangoni.

Magari yenye vioo hivyo

Vioo vya umeme vimeenea katika magari mengi madogo yanayoingizwa nchini kutoka Japan, lakini vioo vya mkono havijatoweka. Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984, hadi leo zina matoleo ya kazi yenye vioo vya mkono. Vivyo hivyo kwa Toyota Hiace za zamani, malori mengi, na Land Rover ambazo bado zinahudumu vijijini.

Katika ukanda wa dhahabu magari hayo yana kazi nyingi. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, ukafuatiwa na Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009. Ingawa Buzwagi ulifungwa mwaka 2021, shughuli za uchimbaji mdogo, biashara na uchukuzi katika miji kama Kahama na Katoro zimeendelea kuhitaji magari magumu yasiyo na mambo mengi.

Wamiliki wengi hupenda vioo vya mkono kwa sababu havina mota, swichi wala nyaya za umeme za kuungua. Lakini urahisi huo una masharti yake: mashine isiyotunzwa huchakaa hata kama ni rahisi.

Ndani ya mlango kuna nini

Ukizungusha mkono wa kioo, unazungusha gia ndogo iliyojificha ndani ya mlango. Gia hiyo huuma meno ya bapa kubwa la chuma lenye umbo la kipande cha duara. Bapa hilo limeshikana na mkono mrefu wa chuma ambao ncha yake ina roli ndogo, aghalabu ya plastiki ngumu. Roli hiyo huteleza ndani ya reli iliyofungwa chini ya kioo, na kwa kuteleza huko kioo hupanda au kushuka. Mafundi huuita mkusanyiko huo wote mashine ya kioo.

Katika magari mengine hakuna bapa la meno. Badala yake kuna waya wa chuma unaozunguka kwenye kigurudumu na kupita juu na chini ya mlango, ukivuta kioo kama kamba inavyovuta ndoo kisimani.

Kuna sehemu moja ambayo watu wengi hawaijui. Nyuma ya ule mkono wa kuzungushia, ndani ya kikombe kidogo cha chuma, kuna springi inayofanya kazi ya breki. Mtu anapozungusha mkono, springi hujikaza na kuachia kikombe, kioo kikatembea. Uzito wa kioo unapojaribu kuizungusha mashine kutoka upande wa pili, springi hutanuka na kukibana kikombe, kioo kikabaki pale kilipoachwa. Breki hiyo ikichakaa, kioo hushuka chenyewe kila gari linapopita kwenye matuta.

Aidha, mashine nyingi za bapa zina springi nyingine kubwa iliyojiviringisha, ambayo kazi yake ni kusaidia kubeba uzito wa kioo. Springi hiyo hukaa imekazwa muda wote, na imewahi kuwajeruhi vidole mafundi wasioijua. Tutairudia baadaye.

Kwa nini vinakufa haraka huku

Sababu ya kwanza ni vumbi lenyewe. Dhahabu ya ukanda huu mara nyingi hupatikana katika mishipa ya mawe meupe ya kwatzi, na mchanga mwingi wa maeneo haya una chembechembe za jiwe hilo. Kwatzi ni gumu kuliko kioo cha kawaida. Kwa hiyo vumbi linaloingia kati ya kioo na mpira hufanya kazi ya msasa: hukwaruza kioo, hula mpira, na likichanganyika na grisi iliyozeeka husaga meno ya gia.

Sababu ya pili ni mvua. Mkoa wa Shinyanga hupata mvua zake kati ya Novemba na Aprili, na ardhi nyeusi ya mbuga hugeuka kuwa tope zito. Kila mlango wa gari una matundu madogo chini yake ya kutolea maji yanayopenya kando ya kioo. Tope likiziba matundu hayo, maji hubaki ndani ya mlango, na chuma cha mashine huanza kula kutu.

Sababu ya tatu ni matumizi. Kwa kuwa magari ya Tanzania yana usukani upande wa kulia, dirisha la dereva ndilo linalofunguliwa mara nyingi zaidi: kwenye kizuizi, kwenye geti la mgodi, kwenye mizani na kwa askari wa usalama barabarani. Ndiyo maana mara nyingi mlango wa kulia mbele huwa wa kwanza kuharibika.

Sababu ya nne ni nguvu za binadamu. Kioo kikiwa kizito, wengi huongeza nguvu mkononi. Mkono wa plastiki hukatika, au meno ya gia hukwanguka. Kosa lilikuwa la mpira uliojaa vumbi, lakini kinachovunjika ni mashine.

Jinsi ya kutambua kilichoharibika

Kabla ya kufungua mlango, msomaji anaweza kupata nusu ya jibu kwa kusikiliza na kushika tu.

Mkono ukizunguka bila kioo kusogea, na bila sauti yoyote, kwanza shuku mkono wenyewe. Tundu lake lina mistari midogo inayouma mistari ya kijiti cha mashine, na mistari hiyo huisha. Chomoa mkono wa mlango mwingine wa gari hilo hilo na ujaribu. Kioo kikipanda, umeokoa gharama ya mashine nzima.

Mkono ukizunguka kwa kurukaruka na kutoa sauti ya kukwaruza, meno ya gia au ya bapa yamelika. Ikiwa gari ni la aina ya waya, sauti ya kukatakata mara nyingi humaanisha waya umeanza kuchanika au umetoka kwenye njia yake.

Kioo kikipanda kwa upande mmoja na kuinama, roli imevunjika au imetoka ndani ya reli, au reli imeachana na kioo.

Kioo kikiwa kizito juu na chini lakini kikifika mwisho, mashine ni nzima. Tatizo ni mpira wa pembeni uliokauka au kujaa vumbi. Hapa hakuna kipuri cha kununua, ni usafi tu.

Kioo kikipanda vizuri lakini kikashuka chenyewe, ile springi ya breki imechoka. Kikianguka ghafla hadi chini kwa kishindo, kioo kimeachana na reli au waya umekatika. Katika hali hiyo usiendelee kuzungusha mkono, kwa kuwa chuma kinaweza kugonga ukingo wa kioo na kukipasua.

Kufungua mlango hatua kwa hatua

Vifaa vinavyohitajika ni bisibisi ya nyota na ya bapa, spana ndogo, koleo, kitambaa kigumu, gundi ya karatasi au ya plastiki, brashi, na glavu. Glavu si anasa. Kingo za bati ndani ya mlango hazikunoliwa wala hazikusuguliwa, na hukata mkono kama wembe.

Hatua ya kwanza ni kutoa mkono wa kuzungushia. Katika magari mengine kuna skrubu katikati, chini ya kifuniko kidogo. Katika magari mengi ya Kijapani hakuna skrubu, bali kuna kibanio cha waya chenye umbo la kwato ya farasi kilichojificha nyuma ya mkono. Pitisha kitambaa kati ya mkono na mlango, ukivute huku na huku kama mtu anayepiga kiatu rangi. Kibanio kitaruka. Weka kiganja mbele yake, kwani kikipotea mchangani hakionekani tena.

Hatua ya pili ni kufungua skrubu za kiegemeo cha mkono na za kishikio cha kufungulia mlango, kisha kubandua kava la ndani. Kava hushikiliwa na klipu za plastiki pembeni. Ingiza bisibisi ya bapa karibu kabisa na kila klipu na uinue taratibu. Anayevuta kwa pupa hung'oa klipu pamoja na kipande cha kava.

Hatua ya tatu ni kuondoa karatasi ya plastiki iliyobandikwa kwenye bati. Wengi huichana na kuitupa wakidhani haina kazi. Karatasi hiyo huzuia maji na vumbi visiingie ndani ya gari. Ibandue polepole na uihifadhi mahali safi ili irudishwe.

Hatua ya nne, na ambayo haipaswi kurukwa, ni kukishikilia kioo. Kipandishe kwa mkono hadi juu, kisha kibandike kwa gundi ya plastiki kutoka ndani, juu ya fremu, hadi nje, au kichomekee kabari za mbao pande zote mbili. Bila hivyo, bolti ya mwisho ikitoka kioo kitaanguka ndani ya mlango.

Baada ya hapo fungua bolti za mashine, telezesha roli itoke kwenye reli, na uitoe mashine kupitia tundu kubwa la bati. Kabla ya kuitoa ipige picha kwa simu, ili ujue ilivyokaa.

Onyo kuhusu ile springi kubwa: usiifungue wala usitenganishe bapa na gia ndogo kabla ya kulifunga bapa kwa bolti au kwa kibano cha chuma. Gia ndogo ndiyo inayolizuia. Ikitoka, bapa hufyatuka kwa nguvu.

Ukarabati unaowezekana hapa hapa

Mara nyingi dawa ya kwanza ni kuosha. Mashine iliyotolewa ikilowekwa kwenye mafuta ya taa na kupigwa brashi, grisi nyeusi iliyoshikana na mchanga hutoka, na mashine iliyodhaniwa kufa huzunguka tena. Kausha vizuri, kisha paka grisi mpya kidogo kwenye meno na kwenye maungio ya chuma.

Meno ya bapa yaliyolika yanaweza kujazwa na fundi wa kuchomelea na kuchongwa upya kwa tupa. Kwa kawaida meno hulika sehemu moja tu, pale kioo kinapofika juu na mtu kuendelea kukaza. Kazi hiyo inahitaji subira, kwani jino lililo kubwa kuliko mengine litakwama, na joto kubwa linaweza kulipinda bapa.

Roli iliyovunjika ni rahisi zaidi. Fundi mkerezaji akipewa ile ya zamani, hata kama ni nusu, anaweza kukereza nyingine kwa plastiki ngumu ya nailoni. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, lina karakana mkoani Shinyanga, na miji ya machimbo ina mafundi wengi wa kukereza waliozoea kutengeneza vipuri vya pampu na vya mashine za kusagia mawe.

Waya uliokatika hubadilishwa kwa mwingine wa unene ule ule. Baadhi ya mafundi hutumia waya wa breki au klachi ya pikipiki. Ukiwa mnene kupita kiasi hautazunguka kwenye kigurudumu, ukiwa mwembamba utakatika tena.

Springi ya breki ndiyo sehemu ngumu kutengeneza. Ikichoka, ni busara kutafuta mashine nyingine, mpya au iliyotumika. Anayenunua akumbuke kwamba mikono ya kuzungushia ya kulia na kushoto aghalabu hubadilishana, lakini mashine zenyewe hazibadilishani: ya kulia ni kama taswira ya ile ya kushoto kwenye kioo cha kujitazamia. Kwa hiyo nenda dukani na mashine ya zamani mkononi, si kwa maelezo ya mdomo. Kwa wakazi wa Geita, vipuri vya Mwanza vimekuwa karibu zaidi tangu Daraja la Kigongo-Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, kwa kuwa safari haitegemei tena kivuko.

Kabla ya kurudisha kava, zungusha kioo juu na chini mara kadhaa. Zibua matundu ya maji chini ya mlango kwa kijiti. Kisha bandika tena ile karatasi ya plastiki. Mlango uliofungwa bila karatasi hiyo utapitisha vumbi hata kioo kikiwa juu.

Kioo kikivunjika: usikate cha dirisha la nyumba

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Kioo cha mlango wa gari si kioo cha kawaida. Hupashwa joto la zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi, kisha hupozwa ghafla kwa upepo mkali. Kitendo hicho hukifanya kiwe kigumu mara kadhaa kuliko cha nyumba, na kikivunjika humwagika kwa vipande vidogo vidogo visivyo na ncha ndefu.

Kioo kilichopitia hatua hiyo hakiwezi kukatwa wala kutobolewa tena. Anayejaribu hukipasua chote. Kwa sababu hiyo, ukiambiwa kioo cha mlango kimekatwa kwa kipimo chako nusu saa iliyopita, fahamu kwamba ulichopewa ni kioo cha nyumba, au kioo cha tabaka mbili kama cha mbele.

Kioo cha nyumba hukaa vizuri mlangoni na hugharimu kidogo, ndiyo maana kinavutia. Lakini gari likigonga au kupinduka, huvunjika kwa mapande marefu yenye ncha kama visu, karibu kabisa na shingo na uso wa aliyeketi. Hakuna bei inayohalalisha jambo hilo, hasa katika gari la abiria.

Kioo halali cha gari huwa na maandishi madogo pembeni yanayotaja mtengenezaji na aina yake. Kama hakipatikani kwa haraka, ni afadhali kuziba kwa plastiki ngumu inayopitisha mwanga kwa siku chache, hata kama vumbi litaikwaruza, kuliko kufunga kioo cha nyumba kwa miaka.

Wakati wa kukifunga kioo, kumbuka kwamba kioo hicho kina nguvu usoni na udhaifu kingoni. Kugongwa kidogo kwa nyundo kwenye ukingo kunatosha kukimwaga chote. Kinaposukumwa ndani ya reli, tumia kipande kipya cha mpira, maji ya sabuni na kiganja cha mkono.

Magari yenye vyumba vya kulala

Magari yaliyojengwa kama nyumba, yenye vitanda na jiko ndani, si mengi katika mikoa hii, lakini hupita, hasa ya watalii wanaovuka kutoka Serengeti kwenda Rwanda au Uganda. Ya zamani, hususan yaliyotengenezwa Marekani, yana madirisha ambayo hayashuki ndani ya ukuta, bali hufunguka kwenda nje kama kifuniko, kwa kuzungusha mkono mdogo.

Ndani ya mkono huo kuna kisanduku chenye gia yenye umbo la skrubu inayozungusha gia ya pili, na gia hiyo husukuma mkono wa chuma unaofungua dirisha. Gia hizo hutengenezwa kwa madini laini na huisha haraka.

Ubovu mwingi wa madirisha hayo huanza kwa jambo dogo. Dirisha likifungwa kwa miezi juani, mpira hushikana na fremu. Mtu akizungusha mkono, gia hukwanguka kabla mpira haujaachia. Njia sahihi ni kulisukuma dirisha taratibu kwa viganja kutoka ndani, kuzunguka kingo zote, hadi liachie, ndipo uzungushe.

Gia ikishakwanguka, kisanduku hutolewa kwa kutoboa ribiti zake, na fundi mkerezaji anaweza kunakili gia kwa shaba nyeupe ambayo hudumu zaidi. Wakati wa kufunga, acha kuzungusha mara dirisha linapogusa mpira. Kukaza zaidi hakuongezi chochote ila kuimaliza gia. Na dirisha la namna hiyo lisiachwe wazi gari likiwa mwendoni, kwani upepo utaling'oa.

Dirisha ni mlango wa dharura

Wapo watakaosema kwamba gari linalotembea halihitaji kioo kinachoshuka. Ikumbukwe kuwa mlango wa gari lililogonga unaweza kukunjika na kukataa kufunguka. Gari likitumbukia majini, kama inavyoweza kutokea mito kama Manonga inapofurika, maji hukandamiza mlango kutoka nje, na mtu mmoja hawezi kuusukuma. Njia inayobaki ni dirisha, na lazima lifunguliwe katika sekunde za mwanzo, kabla maji hayajafika kwenye kioo.

Kioo cha mkono kina faida hapo, kwa kuwa hakitegemei betri. Lakini faida hiyo ni ya kioo kizima tu. Dirisha lililofungwa kwa ubao au kwa skrubu zilizopigiliwa kwenye fremu ni ukuta. Ikilazimu kukivunja kioo cha pembeni, pigo lielekezwe kwenye kona kwa kitu chenye ncha ya chuma, si katikati kwa ngumi.

Vivyo hivyo kwa dirisha lisilopanda. Mama aliyebeba mtoto mwenye pumu, au mgonjwa anayepelekwa hospitali kwa gari la kukodi, hana namna ya kukwepa vumbi la lori lililo mbele. Mwenye gari huona ameahirisha gharama ndogo, na anayeilipa ni abiria.

Matunzo ya kila msimu

Mwisho wa kiangazi, kabla mvua za Novemba hazijaanza, shusha kioo na ufute mpira wa pembeni kwa kitambaa kibichi kilichozungushiwa kwenye bisibisi ya bapa. Rudia hadi kitambaa kitoke safi. Kisha puliza dawa ya silikoni, ambayo hukauka na haishiki vumbi.

Usipake oili ya injini wala grisi kwenye mpira. Oili huufanya mpira uvimbe na kulegea, kisha hukamata vumbi na kutengeneza tope linalokwaruza kioo. Grisi ni ya chuma kwa chuma, ndani ya mlango, na kidogo inatosha.

Katikati ya masika, kagua matundu ya maji chini ya milango. Ukifunga mlango ukasikia maji yakicheza ndani, yamekwisha ziba.

Jambo la mwisho ni la mkononi. Hesabu mizunguko inayotosha kupandisha kioo cha gari lako kikiwa kizima. Siku mkono utakapokuwa mzito au hesabu itakapozidi, acha kuzungusha na ufungue mlango. Siku hiyo kazi huwa ya kitambaa na brashi. Ukiongeza nguvu, kazi ya kesho itakuwa ya fundi wa kuchomelea, na ya keshokutwa ya kutafuta kioo.